Gesi ya puani inavyolinda mapango ya uso na kuyasaidia mapafu

WATU wengi huichukulia pua kuwa mfereji tu wa kupitishia hewa. Huikumbuka inapoziba asubuhi ya baridi au kichwa kinapogonga katikati ya macho, kisha wakaisahau punde kamasi inapokauka. Ilhali pua ni kiungo chenye majukumu mazito. Mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku, na kabla ya hewa hiyo kufika mapafuni pua huwa imeichuja vumbi, imeipasha joto na kuitia unyevu.

Katika miaka ya 1990 wanasayansi walibaini jukumu jingine ambalo halikuwa limewazwa. Pua, na hasa mapango ya mifupa yanayoizunguka, hutengeneza gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hii huzuia viini kustawi, huchochea usafishaji wa kamasi na, ikivutwa pamoja na hewa, husaidia mapafu kupokea oksijeni.

Makala haya yanaeleza gesi hiyo ni nini, inatoka wapi, inafanya kazi gani na kwa nini kiwango chake kinaweza kumwonyesha daktari ugonjwa ambao ungefichika kwa miaka mingi. Aidha, yanafafanua kile ambacho mgonjwa wa sainasi anaweza kufanya, na kile ambacho sayansi haijathibitisha licha ya kuvumishwa sana.

Gesi yenye historia ya ajabu

Nitriki oksaidi ni mojawapo ya molekuli ndogo zaidi mwilini. Imeundwa kwa atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Isichanganywe na nitrasi oksaidi, ambayo ni gesi ya usingizi inayotumiwa na madaktari wa meno na wakunga, wala na nitrojeni dayoksaidi, hewa chafu inayotoka kwenye moshi wa magari. Majina yanakaribiana, lakini gesi ni tatu tofauti.

Kwa muda mrefu nitriki oksaidi yenyewe ilijulikana kama uchafu wa hewa tu. Mambo yalibadilika pale watafiti walipochunguza namna mishipa ya damu inavyotanuka. Mnamo 1977 Ferid Murad alionyesha kuwa nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa nitriki oksaidi. Mwaka 1980 Robert Furchgott aligundua kuwa utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa kitu fulani kinachoilegeza misuli ya mishipa hiyo. Kufikia 1986 yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walikata kauli kwamba kitu hicho ni nitriki oksaidi. Mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada nchini Uingereza lilitoa ithibati zaidi kwa kuipima gesi hiyo ikitoka kwenye seli.

Furchgott, Ignarro na Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998. Hapo palikuwa na kinaya kikubwa. Alfred Nobel, mwasisi wa tuzo hiyo, alitajirika kwa kutengeneza baruti ya dainamaiti kutokana na nitrogliserini. Muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1896, madaktari walimwandikia kemikali iyo hiyo kuwa dawa ya moyo wake, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona la kushangaza.

Mapango ya uso

Ili kuielewa kazi ya gesi hii puani, ni sharti kwanza msomaji alijue umbo la uso wake. Ndani ya mifupa ya uso mna mapango yenye hewa, ambayo wengi huyaita sainasi. Yamegawika katika jozi nne. Jozi kubwa zaidi imo ndani ya mashavu, ya pili imo kwenye paji la uso juu ya nyusi, ya tatu ni mkusanyiko wa vijichumba vidogo vidogo kati ya macho, na ya nne imejificha nyuma kabisa ya pua, karibu na kitako cha ubongo.

Daktari Mwingereza Nathaniel Highmore aliyaeleza kwa kina mapango ya mashavuni mnamo 1651. Tangu wakati huo wasomi wamejadiliana sana kuhusu manufaa yake. Wapo waliosema mapango haya hupunguza uzito wa fuvu. Wengine walidai yanaifanya sauti ivume vizuri, na wengine kwamba ni kinga ya ubongo uso unapogongwa.

Kila pango huungana na pua kupitia kitundu chembamba, mara nyingi chenye upana wa milimita chache tu. Kitundu hicho ndicho mlango wa pekee. Hewa huingilia hapo, nayo kamasi hutokea hapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba mlango wa mapango ya mashavuni haupo chini, mahali ambapo kamasi ingeteremka yenyewe, bali upo juu. Kwa hivyo kamasi lazima ipandishwe.

Kazi ya kuipandisha hufanywa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo vimeota kwenye utando wa ndani. Vinyweleo hivi hupiga kasia kwa pamoja, takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde, na kusukuma blanketi jembamba la kamasi kuelekea mlangoni, kisha nyuma ya koo, ambako humezwa bila mtu kujua. Vumbi, bakteria na virusi vilivyonaswa kwenye kamasi huishia tumboni na kuangamizwa na asidi.

Daktari Walter Messerklinger wa mjini Graz, Austria, aliichunguza safari hiyo ya kamasi kwa miaka mingi. Alibaini kwamba hata daktari akitoboa tundu jingine chini ya pango, vinyweleo huendelea kuisukuma kamasi kuelekea mlango wa asili. Ugunduzi huo ulibadilisha upasuaji wa sainasi kote duniani. Tangu miaka ya 1980 madaktari wengi wameacha kutoboa matundu mapya, na badala yake huingiza kamera nyembamba puani ili kuupanua mlango ambao maumbile yameuweka.

Ugunduzi wa Stockholm

Mnamo 1991 watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Uswidi, waliripoti kwamba hewa inayotolewa na wanyama na binadamu wanapopumua ina nitriki oksaidi. Miaka miwili baadaye watafiti wa taasisi hiyo walionyesha kuwa hewa inayotolewa na wagonjwa wa pumu ina kiwango cha juu zaidi cha gesi hiyo. Katika watu wenye afya, sehemu kubwa ya gesi hiyo ilionekana kutoka puani wala si mapafuni.

Jibu la swali kuhusu chanzo chake lilipatikana mwaka 1995. Jon Lundberg, Eddie Weitzberg na wenzao walichukua hewa moja kwa moja kutoka kwenye mapango ya mashavuni na kuipima. Walikuta kiwango kikubwa ajabu, kilichokaribia kile kinachohesabiwa kuwa kikomo cha uchafuzi wa hewa. Aidha, walibaini kwamba seli za utando wa mapango hayo zina kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi kutokana na ajinini, mojawapo ya asidi zinazojenga protini. Katika sehemu nyingi za mwili kimeng'enya cha aina hii huamka tu pakiwa na maambukizi. Katika sainasi kilikuwa kikifanya kazi hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote.

Kwa maneno mengine, mapango yaliyodhaniwa kuwa matupu yalikuwa viwanda vidogo vya gesi, vinavyofanya kazi usiku na mchana.

Inavyofanya kazi

Kazi ya kwanza ya nitriki oksaidi katika mapango ni kudhibiti viini. Kwa viwango vinavyopatikana humo, gesi hii huzuia kuzaana kwa baadhi ya bakteria, virusi na kuvu. Huingia ndani ya kiini kwa urahisi kwa sababu ni molekuli ndogo isiyo na chaji, kisha huvuruga protini na vinasaba vyake.

Kazi ya pili ni kuvichochea vinyweleo. Gesi hii ni mojawapo ya ishara zinazoviamuru kuongeza kasi. Inapopungua, kasi nayo huelekea kupungua, na kamasi hubaki pangoni kama maji ya mtaro uliozibwa na takataka.

Mnamo 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, wakiwemo Robert Lee na Noam Cohen, walitoa maelezo ya kustaajabisha kuhusu namna kazi hizi mbili zinavyoungana. Walionyesha kwamba seli za pua na sainasi zina kipokezi cha ladha ya uchungu, cha aina ile ile iliyo kwenye ulimi. Bakteria fulani hutoa kemikali za kuwasiliana wao kwa wao. Kipokezi hicho "huonja" kemikali hizo, kisha katika muda mfupi seli hutoa nitriki oksaidi inayoua bakteria na kuviharakisha vinyweleo. Watu waliorithi umbo dhaifu la kipokezi hicho wameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sainasi sugu. Hii ni sababu mojawapo inayofanya ndugu wawili waishio nyumba moja, wakivuta vumbi lile lile, mmoja wao kuugua kila mara na mwingine kusalimika.

Kazi ya tatu hufanyika mbali na pua. Mtu anapovuta hewa kupitia puani, hubeba kiasi kidogo cha gesi hii hadi mapafuni. Huko hutanua mishipa midogo ya damu katika sehemu zinazopata hewa vizuri, na hivyo damu huelekezwa mahali palipo na oksijeni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watafiti wa Stockholm waliwachunguza wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mipira iliyopita koo, yaani hewa yao haikupitia puani. Walipovutwa hewa kutoka kwenye pua zao wenyewe na kurudishiwa kupitia mashine, kiwango cha oksijeni katika damu yao kilipanda.

Hoja hiyo haikubaki kwenye maabara. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa nchini Marekani iliidhinisha nitriki oksaidi ya kuvuta kuwa tiba ya watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imeshindwa kufunguka baada ya kuzaliwa. Watoto hao hupewa kipimo cha takriban sehemu 20 kwa milioni, kiwango ambacho hakitofautiani sana na kile kilichopimwa ndani ya sainasi za watu wazima.

Mlango unapoziba

Yote haya hutegemea jambo moja: mlango uwe wazi. Mtu akipata mafua, au akivuta vumbi na chavua anayodhurika nayo, utando wa pua huvimba. Kwa kuwa kitundu cha sainasi ni chembamba, uvimbe mdogo tu unatosha kukifunga. Oksijeni ndani ya pango hupungua, ilhali kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi huihitaji. Vinyweleo hulegea, kamasi hutuama na kuwa nzito, nao bakteria hupata makao. Hapo ndipo maumivu ya mashavu, paji la uso na meno ya juu huanza.

Ndiyo maana wagonjwa wa sainasi, na hasa wale walioota vinyama laini ndani ya pua, hupimwa na kukutwa na kiwango cha chini cha gesi hii puani. Tafiti zimeonyesha kwamba kiwango hicho huelekea kupanda baada ya matibabu au upasuaji kufaulu. Hali ni tofauti kwa baadhi ya watu wenye mzio wa pua, ambao kiwango chao huweza kuwa juu kwa sababu utando uliowashwa hutengeneza gesi zaidi. Kwa hivyo namba moja pekee haiwezi kueleza kila kitu, na daktari hana budi kuisoma pamoja na historia ya mgonjwa.

Kipimo kinachoweza kufichua siri

Manufaa makubwa zaidi ya maarifa haya kwa sasa yamo katika utambuzi wa maradhi. Upo ugonjwa adimu wa kurithi ambapo vinyweleo vya njia ya hewa huzaliwa vikiwa havipigi kasia, au vikipiga ovyo. Mtoto mwenye hali hii huanza kupata taabu ya kupumua siku za kwanza za uhai wake ingawa alizaliwa miezi ilipotimia. Baadaye pua yake hutiririka kamasi mwaka mzima, hukohoa kikohozi chenye makohozi kila siku, na masikio yake hushikwa na maambukizi yasiyokoma. Takriban nusu ya wagonjwa hao huwa na viungo vilivyogeuzwa upande, kiasi kwamba moyo upo kulia na ini lipo kushoto. Mchanganyiko huo wa viungo vilivyogeuka, sainasi sugu na mapafu yaliyoharibika huitwa ugonjwa wa Kartagener, kwa jina la daktari Mswisi Manes Kartagener aliyeueleza mnamo 1933.

Watafiti walibaini kuwa watu wenye ugonjwa huu wana nitriki oksaidi kidogo mno puani, mara nyingi takriban sehemu moja tu ya kumi ya kiwango cha kawaida. Leo kipimo hicho ni mojawapo ya hatua za mwanzo za uchunguzi kwa watoto wa miaka mitano na zaidi. Kiwango kilicho chini ya nanolita 77 kwa dakika humfanya daktari aendelee na uchunguzi wa vinasaba au wa vinyweleo vyenyewe. Hata hivyo, lazima kwanza ahakikishe kuwa mgonjwa hana maradhi mengine yanayoishusha gesi hii, kama vile sistiki faibrosisi, ambayo huchunguzwa kwa kupima chumvi katika jasho.

Umuhimu wake hauwezi kupuuzwa. Katika nchi kama Kenya ambako kifua kikuu bado ni tishio, kikohozi kisichokoma humfanya mhudumu wa afya auwazie ugonjwa huo kwanza, na ni haki yake kufanya hivyo. Lakini mtoto ambaye vipimo vya kifua kikuu vimerudi bila dalili tena na tena, naye anaendelea kukohoa tangu utotoni huku pua ikitiririka bila kujali msimu, anastahili kupelekwa kwa mtaalamu wa mapafu au wa pua na masikio. Mashine za kupima gesi hii ni ghali na si kila hospitali inayo. Hata hivyo, historia iliyosimuliwa vyema na mzazi pamoja na picha ya kifua inayoonyesha moyo uko upande gani vinaweza kuanzisha safari ya uchunguzi. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, mazoezi ya kutoa makohozi na tiba ya haraka ya maambukizi hupunguza kuharibika kwa mapafu. Ukichelewa, kilichoharibika hakirudi.

Kipimo kingine kinachofanana na hicho hutumiwa kwa wagonjwa wa pumu. Hapa daktari hupima gesi inayotoka mapafuni kupitia mdomoni, wala si ya puani. Mgonjwa hutakiwa kupuliza dhidi ya kizuizi kidogo ili kaakaa laini lipande na kuufunga mlango wa pua, kwani gesi ya puani ni nyingi mno na ingevuruga matokeo. Kwa mtu mzima, kiwango cha zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni huashiria uvimbe unaoweza kutulizwa kwa dawa za kuvuta za aina ya steroidi.

Mvumo wa nyuki

Mnamo 2002 Weitzberg na Lundberg walichapisha matokeo yaliyovutia ulimwengu. Waliwaomba watu wenye afya watoe pumzi kimyakimya kupitia puani, kisha watoe pumzi huku wakivumisha sauti midomo ikiwa imefungwa, kama mtu anayeimba wimbo bila maneno. Wakati wa kuvumisha, nitriki oksaidi iliyotoka puani iliongezeka takriban mara 15.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mtu akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, hewa ya ndani ya chupa hutikisika na kutoa mlio. Vivyo hivyo, mawimbi ya sauti huitikisa hewa ndani ya sainasi, ikawa inaingia na kutoka kwa kasi mlangoni. Mtu anapopumua kimya, hewa ya pangoni hubadilishwa polepole sana. Anapovumisha sauti, karibu yote inaweza kubadilishwa kwa pumzi moja.

Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa wagonjwa wenye vinyama vya pua ambavyo vimeziba kabisa milango ya sainasi hawapati ongezeko hilo. Ndipo ikapendekezwa kwamba mvumo unaweza kuwa njia rahisi ya kujua kama milango iko wazi.

Je, kuvumisha sauti ni tiba? Hapa tahadhari inahitajika. Mwaka 2006 jarida moja la kitabibu lilichapisha simulizi ya mgonjwa mmoja aliyesema sainasi yake sugu ilitulia baada ya siku nne za kuvumisha sauti kwa nguvu. Mgonjwa mmoja si ithibati. Kuvumisha wimbo hakuna gharama wala madhara kwa watu wengi, na anayeona nafuu hana sababu ya kuacha. Lakini asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu hiyo.

Fauka ya hayo, kumezuka mtindo wa kubandika utepe mdomoni wakati wa kulala ili mtu alazimike kupumua kwa pua. Kupumua kwa pua ni jambo jema, ila utepe ni hatari kwa mtu ambaye pua yake imeziba au anayekatikiwa na pumzi usingizini. Anayekoroma kwa nguvu na kuamka akiwa amechoka amwone daktari kwanza. Mtoto asibandikwe utepe kamwe.

Kuhusu chakula, mboga za majani kama mchicha na spinachi, pamoja na viazisukari vyekundu, zina nitrati nyingi. Bakteria wa mdomoni huibadilisha nitrati kuwa nitraiti, kisha mwili huitumia kutengeneza nitriki oksaidi. Njia hii inajulikana zaidi kwa kusaidia mishipa ya damu. Haijathibitishwa kwamba kula mboga hizo huponya sainasi, wala vidonge vinavyouzwa kwa bei ghali kwa madai hayo havijathibitishwa.

Mgonjwa afanye nini?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba sainasi nyingi za muda mfupi husababishwa na virusi vya mafua. Virusi haviuawi na antibiotiki. Mtu anayekimbilia duka la dawa siku ya tatu ya mafua na kuitisha vidonge vichache vya antibiotiki hupoteza pesa zake. Isitoshe, hufunza bakteria walio mwilini kuishinda dawa hiyo, nayo siku atakapoihitaji kwa kweli haitamfaa.

Zipo dalili tatu zinazoashiria kuwa yamkini bakteria wameingia. Ya kwanza ni dalili za sainasi kudumu zaidi ya siku 10 bila nafuu. Ya pili ni homa ya nyuzi 39 au zaidi pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo tangu mwanzo. Ya tatu ni mgonjwa kupata nafuu, kisha hali kuwa mbaya tena ghafla. Mwenye mojawapo ya dalili hizi amwone daktari.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni njia ya gharama nafuu inayosaidia kuondoa kamasi nzito. Takriban gramu mbili za chumvi, yaani chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, zinatosha kwa robo lita ya maji. Lakini maji hayo lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Mnamo 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji yasiyochemshwa, yaliyokuwa na amiba aina ya Naegleria fowleri inayoshambulia ubongo. Maji yachemke kwa dakika moja kamili. Wakazi wa nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, kama vile Eldoret, Limuru na Nyahururu, wayaache yachemke dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Dawa za kupuliza za kuzibua pua haraka zisitumiwe zaidi ya siku tatu hadi tano. Zikizidi, pua huzizoea na kuziba vibaya kuliko awali. Kwa wenye mzio au sainasi sugu, dawa za kupuliza za steroidi huelekea kufaa zaidi, ila hufanya kazi polepole na hutakiwa kutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza.

Moshi nao ni adui. Imebainika kwamba hewa inayotolewa na wavutaji sigara ina nitriki oksaidi kidogo kuliko ya wasiovuta, na moshi hudhoofisha vinyweleo. Familia zinazopika kwa kuni au makaa zinashauriwa kufungua madirisha, kukausha kuni kabla ya kuzitumia na kuwaweka watoto mbali na moshi kadiri iwezekanavyo.

Kuna dalili ambazo hazifai kusubiri hata usiku mmoja. Jicho likivimba au likitokeza nje, mtu akianza kuona vitu viwiviwili, kichwa kikiuma kupita kiasi, shingo ikikakamaa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Sainasi imepakana na macho na ubongo, na maambukizi huweza kupenya ukuta mwembamba wa mfupa uliopo kati yao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika suala la sainasi methali hiyo yafaa kugeuzwa, kwa maana afya ya mapango haya hutegemea mlango kubaki wazi. Maadamu hewa inaingia na kamasi inatoka, mwili una gesi yake yenyewe ya kujilinda, nayo haiuzwi dukani. Wajibu wa mwenye pua ni kuulinda mlango huo dhidi ya moshi, dawa zisizofaa na uzembe, na kutafuta ushauri wa daktari mapema unapokataa kufunguka.